Nati ya sampu imekufa thredi, nifanyeje? Maswali na majibu ya wasomaji

Maswali ya nati ya kumwagia oili yamekuwa mengi mno, kwa hiyo safari hii ukurasa wote nimeupa mada hiyo moja. Najua kitaalamu ile ni bolti, ila gereji wote tunaiita nati ya sampu, na ukimwambia fundi bolti ya sampu anaweza akafikiri unaongelea zile ndogondogo zinazoshika sampu kwenye bloku, basi na mimi nitaiita nati hivyohivyo. Sampu ni lile beseni la oili chini ya injini, na thredi ni ile mistari ya mzunguko inayoishika nati kwenye tundu. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Habari fundi. Nina gari ya zamani ya silinda 4, imeshapita miaka 20, na oili huwa namwaga mwenyewe. Wiki iliyopita nimemaliza kumwaga nikarudisha nati, nikaona bado kuna unyevu kidogo nikasema ngoja niikaze zaidi, ikakaza ikakaza halafu ghafla ikawa laini, sasa hivi inazunguka tu. Inadondosha kama tone moja kila dakika. Jirani kaniambia niivishe tepu ya mabomba itaziba, mwingine kasema sampu nzima ni ya kubadilisha. Sampu ni ya alumini. Naweza kuendelea kuitembelea huku natafuta suluhisho?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hiyo hali ya kukaza halafu ghafla mkono unasikia kitu kimelegea naijua na inaumiza, hasa ukiwa ulichokuwa unajaribu kufanya ni kuitunza gari. Tuanze na hilo la kutembelea, jibu ni hapana, iache imelala. Tone moja kwa dakika linaonekana dogo lakini piga hesabu, chukulia matone 20 ndo yanajaza mililita 1, kwa siku una matone 1,440 ambayo ni mililita 72, ndani ya wiki 2 lita nzima imeondoka, na injini za saizi hiyo nyingi zinabeba lita 4 hivi tu. Na hapo ni gari ikiwa imesimama na oili imepoa, ikipata moto inakuwa nyepesi na inapita kirahisi zaidi.

Ila kinachonitisha mimi sio tone. Kinachonitisha ni kwamba hiyo nati sasa hivi imeshikwa na mabaki ya alumini yaliyosagika, hakuna kinachoizuia kujifungua kwa mtetemo, na siku ikichomoka ukiwa barabarani oili inaisha ndani ya dakika chache sana. Watu wanaitegemea taa nyekundu ya oili iwaonye, lakini ile inasoma presha, haisomi ujazo, ikiwaka maana yake presha imeshashuka na beringi za krankishafti, ile shafti kuu ya injini, zimeanza kusagana kavu. Injini nzima inaondoka kwa ajili ya tundu la kidole.

Sasa niseme kitu kimoja ambacho nataka msomaji yeyote wa ukurasa huu abaki nacho, manake kila jibu nitakalotoa leo linatoka hapo. Thredi haizibi oili. Inayoziba ni wosha, ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha nati. Kazi ya thredi ni kuvuta kichwa cha nati kiibane wosha kwenye uso wa sampu, basi, na oili iliyomo kwenye sampu haina presha kabisa, imelala tu pale kwa uzito wake, presha inaanza kwenye pampu kwenda mbele. Kwa hiyo huo unyevu ulioona mwanzoni haukuhitaji nguvu, ulihitaji wosha mpya au kufuta uchafu uliokuwa umekaa katikati. Ukikaza wosha iliyokufa unaiua thredi na oili inaendelea kuvuja vilevile. Na ndo maana tepu ya jirani haisaidii, unaziba mahali ambapo hapakuwa na kazi ya kuziba, halafu ile tepu inachanika vinyuzi vinyuzi vinaingia ndani vinakwenda kukaa kwenye chujio la kunyonyea la pampu. Nimeshafungua sampu nikakuta chujio limevaa vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui, sitaki yakukute.

Kwanza itoe hiyo nati. Kama inazunguka bila kutoka, ingiza bisibisi bapa chini ya kichwa cha nati uwe unasukuma kwa nje taratibu huku mkono mwingine unafungua na spana, thredi chache zilizobaki zinapata kitu cha kushika na inatoka. Usipige nyundo, na usiegemeze bisibisi kwenye ule uso wa wosha ukauchana, egemeza pembeni. Weka beseni kabla hujaanza, na gari iwe imekaa kwenye stendi, sio jeki peke yake, hata kama ni kazi ya dakika 5.

Ikishatoka iangalie. Kama imevaa kispringi cha alumini basi hizo ndo thredi za sampu zimetoka nayo. Halafu chukua tochi uangalie ndani ya tundu, na hapa ndo penye habari nzuri ambayo wengi wanairuka: kuna nati za kiwandani ambazo ni fupi kuliko kina cha tundu lenyewe. Kinachokufa ni zile thredi nati ilikokuwa inashika, na huko ndani zaidi unaweza kukuta thredi 3 au 4 bado mpya hazijawahi kuguswa. Pima kina cha tundu kwa waya uliokunjwa ncha, linganisha na urefu wa nati yako, ukiona kuna nafasi tafuta nati ya kipenyo kilekile na thredi ileile ila ndefu kwa milimita 5 au 6. Izungushe kwa vidole mpaka ikae, hakikisha haigusi kitu ndani, kuna sampu zina bati la kuzuia oili isicheze au bomba la kunyonyea limepita karibu hapo. Ikishika, weka wosha mpya, kaza kwa kiasi, umemaliza. Siahidi kwamba itakubali kwenye gari yako, ila ni dakika 10 za kuangalia kabla hujaanza kukata chuma.

Kama ndani napo pameisha basi kuna njia 3 za kweli: kupanua tundu uweke nati kubwa zaidi, kuweka bushi ya thredi ili urudi kwenye nati ileile ya zamani, au kubadilisha sampu. Kwa sampu ya alumini yenye nyama ya kutosha kuzunguka tundu, mimi naipenda ya kwanza au ya pili, na sampu mpya naiweka mwisho isipokuwa uone ufa. Ukiona ufa hata mdogo kama unywele kuzunguka tundu usipoteze muda na hayo mengine.

Kupanua kunakwenda hivi. Nati nyingi za magari ya Toyota na Nissan ni M12, yaani kipenyo cha milimita 12, yenye hatua ya thredi 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka thredi moja hadi nyingine, ukipanua unakwenda M14 yenye hatua 1.5, na drili yake ni milimita 12.5, hesabu nzuri kabisa manake inafagia thredi zote zilizokufa na kuacha ukuta safi wa kukata mpya. Kama yako tayari ni M14 kwa 1.5, kama zilivyo Honda nyingi, unakwenda M16 kwa 1.5 na drili ni 14.5. Drili usiifunge kwenye mashine ukiwa umelala chini ya gari, mkono unatikisika tundu linakuwa yai. Ifunge kwenye mkono wa tapu uizungushe polepole, alumini ni laini inakubali. Halafu tapu yenyewe, yaani kile chuma cha kukatia thredi, ipake grisi nyingi kwenye yale mabonde yake ili chenga zinate humo, nusu mzunguko mbele robo nyuma, kila baada ya mizunguko 2 itoe uifute upake grisi nyingine. Inachosha, ila usiharakishe.

Na kila mzunguko wa mwanzoni simama uangalie tapu kutoka pande 2, kwa mbele na kwa ubavu, kama imesimama wima na ule uso wa sampu. Ikiingia imelala kidogo tu kichwa cha nati kitagusa wosha upande mmoja, na hapo unarudi kulekule, itavuja na utashawishika kukaza. Thredi nzuri iliyokatwa upande ni mbaya kuliko thredi mbovu iliyonyooka, nasema hivyo bila kuficha kwa sababu mwanzoni mwa kazi hii niliharibu sampu ya mteja kwa namna hiyohiyo na ilibidi nimnunulie nyingine, tangu siku hiyo sina haraka na tapu.

SWALI: Fundi, helikoili na bushi ni kitu kimoja? Kuna mtu kaniambia helikoili kwenye oili inavuja.

JIBU: Sio kitu kimoja japo zinatatua tatizo lilelile. Helikoili ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi, unapanua tundu kidogo, unakata thredi maalumu kwa tapu inayokuja na seti yake, halafu unauzungusha ndani, ukuta wa ndani wa ule waya ndo unakuwa thredi mpya ya saizi ya zamani. Ni imara, tena thredi ya chuma inavumilia kufunguliwa mara nyingi kuliko alumini ya mwanzo. Shida yake kwenye nati ya sampu ni kwamba nati hii inafunguliwa na kufungwa kila baada ya kilometa elfu kadhaa maisha yote ya gari, na ule waya kama haukukaa sawa unaweza siku moja ukatoka umeng'ang'ania nati. Kuhusu kuvuja, rudi kwenye lile la wosha, ukimalizia helikoili ndani kidogo ya uso, kama robo au nusu ya hatua ya thredi, na wosha yako ni pana inafunika mpaka nje ya tundu lililopanuliwa, haivuji. Inavuja pale ncha ya waya ikijitokeza usoni ikainyanyua wosha, au wosha ikiwa nyembamba mno inakalia waya badala ya alumini.

Bushi ni kipande kizima cha chuma chenye thredi nje na ndani. Ile ya kampuni ya Time-Sert kwa mfano ina kola juu inayokaa kwenye kitako chake, na thredi za chini zinatanuliwa na kifaa cha kufungia mpaka bushi inajibana ukutani isizunguke tena. Hiyo ndo naiamini zaidi kwa sampu. Ukiweka yoyote kati ya hizi pakaza gundi ya thredi inayostahimili joto na oili upande wa nje tu, unaogusana na alumini, ndani iwe kavu kabisa, halafu acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa kabla hujajaribu nati. Watu wanaweka gundi nyingi inachuruzika ndani, siku ya kumwaga oili tena nati inatoka na bushi yote.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto 2 na gari ndo usafiri wetu. Nilipeleka service, niliporudi nyumbani nikaona nati ya chini ni tofauti, kubwa na imekatwa mifereji pembeni. Nilipouliza nikaambiwa ya zamani ilikufa hivyo wameweka inayojikatia thredi yenyewe. Je ni salama?

JIBU: Dada yangu, kwanza walitakiwa wakwambie kabla, sio baada ya kuuliza, na una haki ya kukasirika hapo. Hiyo nati inajulikana, ni kubwa kidogo kuliko tundu na ile mifereji ni ya kukusanya chenga wakati inajikatia njia. Kwenye sampu ya bati ambako ndani kuna nati ya kweli ya chuma iliyochomelewa inaweza ikafanya kazi miaka mingi. Kwenye alumini siipendi, inasukuma ukuta wa tundu kwa nje, inaweza kupasua, na kwa kuwa inaanzia bila mwongozo ni rahisi sana kuingia upande.

Ila isikukoseshe usingizi, iangalie kwanza. Kama imekaa flati pande zote na panakuwa pakavu baada ya siku kadhaa, usiiguse. Mwambie yeyote atakayemwaga oili mara ijayo asiifungue na kuifunga ovyo, kila ikifunguliwa inaweza kuanza kujikatia njia mpya na baada ya mara chache tundu linakuwa pana halina kitu. Zipo za aina mbili kwa moja, nati kubwa inabaki palepale milele na katikati yake ina nati ndogo ndo unayoifungua kumwaga, kama waliyokuwekea ni hiyo basi una nafuu, ila fundi lazima ajue afungue ipi, na oili itatoka polepole kwa sababu tundu ni dogo, awe na subira. Kama inalowana au imekaa upande, rudisha gari wakaweke bushi, na waiangalie sampu kwa tochi kama kuna ufa.

Chukua kikaratasi uandike saizi ya nati iliyopo sasa ukiweke pamoja na kadi ya service. Fundi anayefuata akijaribu kulazimisha nati ya saizi ya kiwandani pale, tunarudi mwanzo.

SWALI: Kukata thredi sampu ikiwa kwenye gari, chenga haziendi kuua injini? Nimeambiwa filta inazikamata zote.

JIBU: Filta haizikamati zote, na sababu ni mpangilio. Oili inatoka sampu inapita chujio la waya, inaingia pampu, halafu ndo inakwenda filta. Kwa hiyo filta inalinda beringi ila pampu iko kabla yake, chenga iliyo ndogo kuliko matundu ya chujio inapita moja kwa moja kwenye meno ya pampu. Pia filta nyingi zina vali ya kupitisha oili bila kuchujwa pale inapokuwa nzito asubuhi ya baridi au filta ikiziba. Na sumaku haikusaidii hapa, alumini haishikwi na sumaku.

Mimi ninaamua kwa kuangalia tundu liko wapi. Likiwa chini kabisa linaangalia ardhini, nakata gari ikiwa palepale, kwa sababu chenga nyingi zinadondoka zenyewe, nyingine zinanata kwenye grisi, na nikimaliza namwaga nusu lita ya oili ya bei nafuu juu kwenye mfuniko nati ikiwa wazi, inateremka inasafisha inatoka na vilivyobaki, narudia mpaka itoke bila kitu kinachong'aa. Hiyo oili usiitumie tena. Tundu likiwa ubavuni mwa sampu ni hadithi nyingine, chenga zinaangukia kwenye sakafu ya sampu chini ya usawa wa tundu na huwezi kuzisukuma zikapanda, hapo shusha sampu, kata ikiwa mezani, ioshe, uirudishe. Ni kazi kubwa lakini ndo sahihi. Kwa gari ambayo sampu haishuki mpaka uinyanyue injini au ushushe kibeba injini, tumia kidole chenye grisi na kitambaa kisichotoa nyuzi kufuta ndani kadiri unavyofika, osha mara nyingi zaidi, na badilisha oili pamoja na filta mapema, usisubiri kilometa za kawaida.

SWALI: Sampu yangu ni ya bati, nati ya ndani iliyochomelewa ndo imekufa. Nichomelee nyingine?

JIBU: Ndio, na kwa bati ni suluhisho zuri la kudumu kuliko kupanua, manake ile nati ya ndani ina ukuta mwembamba. Lakini sampu ishushwe. Usikubali mtu achomelee ikiwa kwenye gari, kuna mabaki ya oili na mvuke wake ndani, ni moto huo. Ioshe kwa sabuni kali na maji moto mpaka bati liwe kavu halina mtelezo, oili iliyobaki inafanya weldi iwe na vitundu na itavuja jasho. Fundi wa weldi achomelee mzunguko mzima sio nukta 4, uso wa nje usawazishwe uwe flati, halafu kabla ya kurudisha mwaga mafuta ya taa ndani uiache saa moja juu ya karatasi kavu, kama kuna kitundu utaona doa. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko oili, ikishika hayo inashika oili.

Wakati wa kurudisha, silikoni ya gasketi iwe mkanda mmoja mwembamba wa milimita 3 mpaka 5, ipite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ile inayofinywa kwa ndani inakatika inakwenda kwenye chujio, ndo maana nasema mwembamba. Ukiweza iache mpaka kesho kabla ya kuweka oili.

SWALI: Nikaze kiasi gani sasa? Kitabu cha gari sina, na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, sina pia.

JIBU: Toyota nyingi zenye nati ya M12 zinataka nyutoni-mita 37 hivi, Honda nyingi za M14 zinataka 39 au 40, Volkswagen nyingi za M14 zinataka 30. Umeona hapo M14 ya mmoja inakazwa chini ya M12 ya mwingine, kwa hiyo usikisie kwa kuangalia ukubwa, inategemea chuma cha sampu na aina ya wosha. Tafuta namba ya injini yako kabisa.

Kama spana ya torki huna, angalau ujue nguvu yenyewe ni ndogo kiasi gani. Kwa spana ya urefu wa sentimita 20, nyutoni-mita 37 ni sawa na kuvuta kilo 19 kwenye ncha yake, mkono mmoja, bila kuegemea mwili. Ukivisha bomba ukafikisha sentimita 60 ukavuta kwa nguvu ileile umeshazidisha mara 3, unafika 111, na thredi ya alumini haiwezi kuivumilia. Zile mashine za upepo za kufungulia tairi zisisogee kabisa kwenye nati hii wakati wa kufunga. Na uanze kwa vidole siku zote, mizunguko 3 au 4 bila spana, ikigoma kwa vidole imeingia upande, itoe uanze upya, tena uirudishe nyuma kwanza mpaka usikie inadondokea kwenye mdomo wa thredi ndo uanze kuipeleka mbele. Nikiangalia sampu zilizokufa zinazokuja kwangu nyingi zilianza kufa siku mtu alipoianza nati kwa spana, aliyekaza mwisho ndo akabebeshwa lawama.

SWALI: Gari yangu ni ya mwaka 1994, thamani yake ni ndogo na sampu mpya haipatikani. Fundi kapendekeza tuizibe nati kwa gundi ya chuma moja kwa moja na oili tuwe tunanyonya kwa juu. Ni ujinga?

JIBU: Sio ujinga hata kidogo, nimefanya hivyo kwa gari ambazo mwenyewe alitaka tu zimalizie miaka yake vizuri. Pampu ya kunyonya inapitisha mpira mwembamba kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili mpaka chini, injini ikiwa ya vuguvugu, na kuna Mercedes-Benz nyingi zinahudumiwa hivyo kama kawaida. Sharti la gundi ni usafi, sampu iwe tupu usiku mzima isiwe inateremsha hata tone, tundu lifutwe kwa petroli au safisha-breki mpaka likauke, nati ikwaruzwe na msasa. Gundi ya epoksi ya vijiti viwili iliyoandikwa inastahimili joto na oili. Ipake kwenye thredi na kuzunguka kichwa, na wosha iwepo, usiitoe eti kwa sababu kuna gundi.

Hasara yake ni kwamba matope mazito ya chini hayanyonyeki yote, na sio kila gari mpira unafika sakafuni. Kwa hiyo pima, kama kitabu kinasema inabeba lita 4 na umenyonya 3.2 tu, usimwage lita 4 mpya juu yake, utaijaza kupita alama na krankishafti itaanza kuipiga oili povu. Weka kulingana na ulichotoa, subiri, soma kijiti.

SWALI: La mwisho fupi, wosha ya shaba inarudiwa?

JIBU: Ile ya alumini na ile ya karatasi ngumu au yenye mpira hapana, mara moja tu. Ya shaba inarudiwa ukiilainisha, maana ikishabanwa inakuwa ngumu haikubali tena kujaza mikwaruzo. Ishike na koleo juu ya moto mpaka iwe nyekundu, izamishe kwenye maji au iache ipoe, kwa shaba vyote ni sawa, halafu ifute weusi kwa msasa laini pande zote 2. Iweke juu ya kipande cha kioo uibonyeze kwa kidole, ikicheza au ukiona mfereji wa kichwa cha nati umezama ndani yake, hiyo tupa ununue nyingine.